Msumari wa Kikombe cha Bati

Cheti kimefika kimefungwa gazetini,
fremu ya dhahabu ya kupaka, kioo kina ufa pembeni.
Kinasema: Hoteli ya Chai ya Nyirabahire, Kisoro,
imetambuliwa kwa kuendeleza maridhiano na Watwa.
Muhuri wa wilaya, sahihi mbili,
na jina la mama yangu limekosewa herufi moja.

Natafuta pa kukitundika.
Msumari usio na kazi ni mmoja tu,
ule wa nyuma ya mlango wa jikoni,
umeinama kidogo, umeliwa na kutu,
na mimi najua ulikuwa unabeba nini.

Kikombe cha bati. Cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni.
Mtwa akija kununua chai alipewa hicho,
akainywea nje, penye magogo ya kuni,
mvua ya Muhabura ikimwongezea maji bila bei.
Hakikuoshwa na vingine.
Mimi, mtoto wa miaka saba, ndiye niliyekirudisha msumarini
kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya.
Hakuna aliyenifundisha.
Ndiyo elimu niliyoipata bila karo.

Jana uwanjani kulikuwa na mahema matatu.
Waliitwa kwa zamu: kiwanda cha majani ya chai
kilichoajiri Watwa kumi na wanne, kwa mshahara wa wote;
wajane wa Nyakabande waliowagawia shamba
na hati wakaiandika kwa majina ya Watwa wenyewe;
chama cha bodaboda kinachobeba wagonjwa wao usiku
(hapo watu walicheka, kisha wakanyamaza,
wakikumbuka nani alikataa, na nani alifia njiani).
Tukapiga makofi. Yalistahili, sisemi hapana.
Ila Watwa walikuwa juani,
wameambiwa wasubiri zamu ya ngoma.

Nyirakamondo hakusubiri.
Mfinyanzi huyo, udongo ungali kwenye kucha,
alivuta kiti cha plastiki, akakaa safu ya mbele
bega kwa bega na mgeni wa heshima,
akavua kandambili moja, akatoa kijiwe, akaivaa tena.
Hakuna aliyethubutu kumwondoa.
Hilo nalo lilitaka cheti.

Vikombe vyetu vyote sasa ni kazi ya mikono yake:
vya udongo, vizito, havilingani.
Mama alipouza vile vya kaure, majirani walisema
biashara itakufa kwa kinyaa.
Miezi mitatu tulikunywa chai yetu wenyewe.
Mteja wa kwanza kurudi alikuwa dereva wa lori la viazi,
aliyeuliza tu kama sukari ipo.

Leo asubuhi kaja na kapu lake,
kanikuta na nyundo mkononi.
"Cha nini hicho?" Nikamsomea.
Akasikiliza hadi muhuri, kisha akasema:
"Maridhiano ni ya wawili. Mbona jina ni moja?"
Sikuwa na jibu. Nikamimina chai.
Akainywa ndani, meza ya dirishani,
akiutazama mlima na msitu uliouvaa kiunoni,
msitu alikozaliwa,
ambako leo huingii bila tiketi.

Nikamwambia habari ya msumari. Yote. Na vidole viwili.
Nilidhani atalia, au atanisamehe;
nilikuwa nimejiandaa kwa lolote kati ya hayo.
"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakinywea.
Kilivuja hapa," akagusa pembe ya mdomo.
"Chai ya mama yako ilikuwa tamu hata hivyo.
Kiko wapi?"

Kilikuwa darini.
Nimekishusha, nimekiosha pamoja na vingine,
sabuni moja, beseni moja.
Msumari nimeung'oa, nimeugongomea mbele, penye wateja,
nacho kinaning'inia hapo, ulizeni mtakacho.
Cheti nimekiegemeza kwenye kabati la sukari,
na kwa kalamu ya wino, kando ya muhuri,
nimeandika Nyirakamondo, herufi zote.

Wilaya wakikasirika, waje.
Chai ipo. Vikombe ndivyo hivi.